Kabla ya WhatsApp: Wanawake wa Mtwara na Pwani Walivyojenga Magrupu Yao, na Nani Alishika Ufunguo

Kufungua grupu la wanawake leo ni kazi ya dakika mbili. Simu unayo, bando lipo, unaongeza namba thelathini, unaweka picha ya waridi na jina tamu la grupu, basi. Kulifanya lifike miaka miwili ndiyo shughuli yenyewe. Mwezi wa tatu admini kanuna. Mwezi wa tano mweka hazina hapokei simu. Mwezi wa saba nusu ya watu wameleft, na waliobaki wanatumiana maua ya asubuhi njema.

Sasa twende kusini. Kuanzia Mikindani, Mtwara mjini, Msimbati, mpaka pale mto Ruvuma unapoingia baharini na ng'ambo ni Msumbiji, wanawake wamekuwa wakijenga vikundi vyao tangu enzi ambazo hata barabara ya kwenda Dar haikuwepo. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Walikuwa makungwi, waimbaji, wapokeaji wageni, watunza fedha. Ila walichokijua kuhusu kukusanya wanawake na kuwaweka pamoja, wengi wenye simu za laki nane bado wanakitafuta.

Grupu la kwanza: unyago

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, makabila makubwa ya kusini, kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama. Mtoto ni wa kwao mama, na mjomba ana neno kubwa kuliko watu wengi wa mjini wanavyodhani. Katika jamii ya namna hiyo, wanawake kukaa pamoja na kupanga mambo yao lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Chuo chao kikuu kilikuwa unyago. Msichana akivunja ungo anakuwa mwali, anatengwa, anafundishwa, anatolewa kwa ngoma na zawadi. Anayemfundisha ni kungwi. Na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini: uhusiano wa mwali na kungwi wake haukuisha sherehe ilipoisha. Akiolewa, kungwi yupo. Akijifungua, kungwi yupo. Ndoa ikiyumba, wa kwanza kuitwa ni yeye. Na wasichana waliochezwa pamoja walibaki kuwa watu wa rika moja, wanajuana kwa siri na kwa nyimbo.

Kuingia kulikuwa na masharti. Ambaye hajachezwa haruhusiwi kusikia, na ya unyagoni hayasemwi nje. Nyimbo zilikuwa na maana mbili: mtoto anasikia hadithi ya kuku na mwewe, aliyepita anasikia jambo jingine kabisa. Yaani ulinzi wa siri ulikuwa ndani ya lugha yenyewe. Hakuna aliyehitaji nywila.

Tusiipake rangi sana, lakini. Unyago umelaumiwa, na lawama nyingine zina haki. Wasichana wadogo mno wamechezwa, wengine wakaonekana wameshakuwa watu wazima wakati bado ni wanafunzi, na shule ikaishia hapo. Gharama nazo si mchezo: fedha ya korosho inaingia mwisho wa mwaka, na sehemu yake inaishia kwenye ngoma na vitenge. Ndiyo maana kwa miaka mingi walimu na serikali wamekuwa wakisukuma sherehe zifanyike wakati wa likizo, na baadhi ya makungwi wenyewe wakakubali kubadili wanachofundisha na umri wa wanaofundishwa. Grupu lililodumu karne nyingi nalo hubishana lenyewe kwa lenyewe.

1906: siri inavuja

Mwaka 1906, wakati vumbi la Vita vya Maji Maji halijatulia vizuri, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi akaelekea bara, Masasi mpaka Newala kwenye uwanda wa Wamakonde. Alibeba kamera, mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na mashine ya kupiga filamu. Alirekodi nyimbo, akapiga filamu ngoma, akafika kwenye sherehe za unyago na kuziandika kwenye kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1908.

Kwa lugha ya leo, mtu ambaye hakualikwa kwenye grupu alipiga skrinshoti na kuisambaza Ulaya. Jina lililo kwenye jalada ni lake. Wanawake waliocheza mbele ya kamera yake wamebaki kuwa "wanawake wa Kimakonde" tu, wenye ndonya midomoni na watoto mgongoni.

Na haikuishia hapo. Baada ya Uhuru, sindimba, ngoma ya Wamakonde hao hao, ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikapangwa upya kwa ajili ya jukwaa, ikachezwa mbele ya wageni na kwenye shule za nchi nzima. Watanzania wengi wanaijua sindimba kwa kiuno tu. Ilitokea wapi, ilichezwa wakati gani, na ilikuwa ikimwambia nani nini, hayo yalibaki nyuma huko kusini.

Kusini yahamia mjini

Kuna safari nyingine ya maarifa haya, na ni ya machungu. Karne ya 19, watu wengi kutoka ukanda wa Ruvuma na Ziwa Nyasa walitekwa wakapelekwa pwani, wakauzwa Kilwa, wakafikishwa Zanzibar na Mombasa. Walichukuliwa mikono mitupu. Kichwani, hata hivyo, walikuwa na ngoma zao. Unyago unaochezwa Zanzibar, ule uliompa jina Bi Kidude na ngoma yake kubwa, asili yake inarudi kwa watu hao wa bara na wa kusini. Mombasa nako, makungwi wa mwanzo walikuwa wanawake wa asili ya utumwa, na baadaye mabinti wa waungwana wakaja kujifunza kwao. Fikiria hilo kidogo: aliyeletwa kama bidhaa anakuwa mwalimu wa binti wa aliyemnunua.

Pale mjini zikazaliwa pia ngoma za mashindano. Wanaume walikuwa na beni, Marini na Arinoti, zenye makoti, filimbi na vyeo vya kijeshi. Wanawake walikuwa na lelemama. Usidhani lelemama ilikuwa kucheza tu. Kulikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, sare, zamu za kupika, na wapinzani wa mtaa wa pili ambao lazima wapikwe kwenye wimbo mpaka waive. Vijembe vya kwenye statasi vina babu, tena babu mwenyewe alikuwa anavaa sare.

Ushindani ulileta wanachama, na pia ulifilisi watu. Kikundi kimoja kikichinja mbuzi wawili, wapinzani wanachinja ng'ombe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya wanawake wa Mombasa waliotoka kwenye vikundi hivyo walikuwa wameanza vyama vya elimu na maendeleo ya wanawake wa Kiislamu. Uzoefu wa kuendesha mkutano, kukusanya fedha na kumaliza ugomvi walikuwa nao tayari. Walijifunzia kwenye ngoma.

1955: wanachama 5,000 bila simu

Hakuna mfano mkubwa kuliko huu. Mwaka 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam akauliza TANU: wanawake wenu wako wapi? Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na mkutanoni walijaa wanaume.

Aliyeitwa kujibu swali hilo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwenye kadi namba 16 ya TANU. Elimu yake ilikuwa darasa la nne. Sifa yake mjini ilikuwa sauti: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Aliwafuata viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, wanawake wenye watu wao tayari, akawaambia wawalete. Ndani ya miezi mitatu hivi wanawake 5,000 walikuwa wameandikishwa.

Hapo kuna somo ambalo wauza mafunzo ya kukuza wafuasi wanalitoza hela. Hukusanyi mtu mmoja mmoja. Unatafuta sehemu ambapo watu wameshakusanyika na kuaminiana, unazungumza na anayeaminiwa pale. Viongozi wale wa ngoma, ambao wengi majina yao hayamo kwenye vitabu vya shule, ndio waliokuwa mtandao.

Kisha likaja tatizo la kukua. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake, Bibi Titi akiwa mwenyekiti, na vyama vingine vya wanawake vikaingizwa humo. Chama kimoja, sauti moja, ofisi kila wilaya mpaka kusini kwenye mpaka. Faida yake ilikuwa kubwa. Ila ufunguo ulihamia juu. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Wanawake aliowaleta walibaki kwenye chama ambacho yeye hakuwemo tena. Leo kuna barabara kubwa Dar yenye jina lake, na wengi wanaipita kwenye foleni bila kujua alianzia kwenye ngoma.

Tunduru, 1973: ng'ambo wanakuja kuanzisha lao

Turudi mtoni. Mwaka 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza, Ruvuma uligeuka mlango. Wakimbizi walivuka kuja Tanzania, wapiganaji na mizigo wakavuka kwenda huko. Kwa Wamakonde mpaka ulikuwa mstari wa wakoloni tu, ndugu wako pande zote mbili. Wanawake wa Cabo Delgado walibeba silaha na chakula kichwani, siku kadhaa porini.

Mwaka 1967, FRELIMO ilianza kufundisha kikosi cha wanawake kwenye kambi ya Nachingwea. Miongoni mwao alikuwepo Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji mpaka leo. Na mwezi Machi 1973, umoja wa wanawake wa Msumbiji, OMM, ulizinduliwa Tunduru. Ndiyo, Tunduru hii hii, kusini mwa Tanzania. Chama cha wanawake wa nchi nzima kilizaliwa nje ya nchi yao, kwenye ardhi ya jirani, kabla nchi yenyewe haijapata uhuru mwaka 1975.

Hao nao walikutana na swali lile lile. Chama kikiwa mtoto wa chama cha siasa, mwanamke wa kijijini ana neno kiasi gani?

BAWATA: grupu lililofungwa

Miaka ya vyama vingi ilipofika, wanawake wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwaka 1995 lilisajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, mwenyekiti wake akiwa Anna Tibaijuka. Halikutaka kuwa tawi la chama chochote. Lilihimiza wanawake wajue wanampigia nani kura na kwa nini, likasemea ardhi, mirathi, maji na afya.

Lilikua haraka. Serikali ikasema limekuwa kama chama cha siasa, na mwaka 1997 usajili wake ukafutwa. Wanawake walienda mahakamani. Hukumu ya Mahakama Kuu iliyosema hatua ile haikuwa halali ilitoka mwaka 2009. Kesho yake nani angerudisha wanachama? Miaka 12 ni mingi. Watu walikuwa wameshahama, wameshachoka, wengine wameshazikwa. Kushinda kesi ni jambo moja, kurudisha uaminifu wa mtaa kwa mtaa ni jambo jingine.

Funguo tatu

Wakati wasomi wa Dar wakihangaika na mahakama, kwenye ufukwe wa Mtwara mambo yalikuwa yanaenda kimya kimya. Ratiba yao iliwekwa na bahari. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, wanawake wanashuka pamoja kutafuta pweza na chaza, na tangu kilimo cha mwani kilipoenea kutoka Zanzibar, kilikoanza kibiashara mwaka 1989, wengine wanashuka kufunga na kuvuna mwani. Saa tatu za kuinama majini na wenzako ni mkutano tosha. Mgonjwa anajulikana pale. Mwenye msiba anachangiwa pale. Bei ya mnunuzi inasutwa pale, hata kama haipandi. Mwaka 2000 ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, swali la nani avue wapi na kwa zana gani lilitua moja kwa moja kwenye mikono ya wanawake hao.

Upatu walikuwa nao zamani: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, mzunguko unaendelea. Udhaifu wake unajulikana. Aliyepokea wa kwanza akihama mji, hadithi imeisha.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaingia vikoba. Mtindo wake mama ulianzia Niger mwaka 1991, kwenye eneo la Maradi, kwa wanawake wengi ambao hawakujua kusoma. Shirika la CARE liliusambaza, ukafika Zanzibar, ukavuka bara, na sasa hakuna mtaa wa Mtwara, Masasi wala Newala usioujua. Kikundi cha watu wasiozidi thelathini hivi. Hisa kila wiki. Mikopo midogo kutoka mfuko wao wenyewe. Mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Lakini kitu kizuri kuliko vyote ni sanduku. Sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wawepo, mbele ya kikundi. Fedha inahesabiwa kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie ni kiasi gani na akumbuke wiki ijayo.

Hebu litazame lile sanduku kwa jicho la historia yote hii. Kungwi alikuwa na siri, lakini hakuwa peke yake. Makungwi walikuwa wengi. Ngoma ilikuwa na kiongozi, na alipoondoka, wengi walienda naye. UWT ilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa mezani kwa chama. BAWATA ilikuwa na cheti kimoja, kilipofutwa kila kitu kikasimama. Wanawake wa sanduku walikubali kitu ambacho si rahisi kumwambia shosti wako usoni: tunapendana, na bado tutaweka makufuli matatu.

Na sasa simu

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. WhatsApp ikafuata na simu za bei nafuu. Kwa mkoa ambao kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003 ulikuwa ukikatika na nchi kila masika, hayo yalikuwa mapinduzi. Mwanamke aliyeolewa Dar anachangia unyago wa mpwa wake Msimbati akiwa Mbagala. Kikoba cha watu wa Newala kina wanachama Dodoma na Muscat. Aliyepo ng'ambo ya Ruvuma anatuma sauti, anajibiwa kwa Kimakonde.

Ila sanduku lilipohamia kwenye simu, mara nyingi lilihama na kufuli moja. Michango inatumwa namba ya mtu mmoja. Admini ni mmoja. Akikutoa umetoka, na ushahidi wako umetoka nawe. Ndipo zinapotokea zile stori za mweka hazina aliyebadili laini. Na wanawake waliokosa kikundi cha kuaminika wamebaki mikononi mwa mikopo ya kausha damu na programu za mikopo zinazowatumia ndugu na mabosi wako meseji za aibu, mpaka Benki Kuu mwaka 2024 ikatoa orodha ya programu zisizo na leseni na kuzipiga marufuku.

Dawa ipo, na wala si mpya. Kuna huduma za vikoba za simu ambazo fedha haitoki mpaka wanachama kadhaa wathibitishe, yaani makufuli yale yale kwa umbo jingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo inataka vikundi visajiliwe, jambo linalowapa mahali pa kushtaki. Kwa grupu lisilo la fedha, la malezi, biashara au soga tu, hesabu ni hiyo hiyo: maadmini zaidi ya mmoja, masharti ya kuingia yanayojulikana, namna ya kumtoa mtu ambayo wote waliikubali kabla ugomvi haujaanza, na siri za humo zisivuke mlango.

Wale wanawake wa Naumbu na Msimbati wakishuka majini asubuhi hawajui kama wana "jamii ya mtandaoni". Wanajua nani hajaja leo na kwa nini. Grupu lenu la watu mia mbili na hamsini linaweza kusema hivyo? Na ufunguo, anao nani? Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, mwaga mchele.